Tafuta Mwenzake

Usingizi haumpigii hodi Sikujua. Unamkuta ameegemeza paji la uso kwenye chuma cha kitanda cha wodi ya watoto, saa za adhuhuri, jua limesimama wima juu ya bati na feni inazunguka kivivu, haipulizi kitu. Ameshika mkono wa kushoto wa bintiye, Semeni, ule mzima, maana wa kulia umevimba toka kiganjani hadi begani na haushikiki. Semeni hajafumbua macho tangu aletwe. Dawa ya sumu imekwisha ingia, daktari amesema, sasa tumwachie mwenyewe. Akiamka ndipo tutajua ameamka na nini. Ameamka na nini! Maneno hayo yamemkaa Sikujua kooni kama mwiba wa samaki, anayameza hayaendi, anayatoa hayatoki, na katika kuhangaika nayo kope zinashuka.

Kabla hajazama, na tumweleze japo kidogo, kwa sababu huko aendako hakuna atakayemweleza. Mtoto alipewa jina Semeni, na majina nayo yana utani wake, kwani watoto wa umri wake walianza kutukana watu barabarani na Semeni bado hajasema hata maji. Alikuwa akitazama tu. Ndipo Mwalimu Shemndolwa, wa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, alipomwonyesha mama mtu kazi ya kadi. Tamka neno, mtoto achague picha yake. Tamka neno lilelile, mtoto achague maandishi yake. Mwambie: tafuta mwenzake. Akipatia, msifu, tena msifu kwa moyo, usimsifu kama mtu anayelipa nauli. Na picha na maandishi je, aliuliza Sikujua, hayo nayakutanisha lini? Mwalimu akacheka. Hayo usiyaguse, alisema, yatajuana yenyewe. Neno la kwanza likawa kamba, kwa sababu ya bembea iliyofungwa kwenye mfenesi wa uani. Shika kamba! Semeni anashika, mama anamsukuma, Safi, mwanangu! na mtoto anaruka hewani akicheka kicheko ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Siku alipochukua maandishi ya KAMBA na kuyalaza chini ya picha ya kamba, bila kufundishwa na yeyote, Sikujua alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza anaolewa nani.

Sasa, huko kwao Sikujua, jua likishatua nyoka hatajwi. Ukimtaja umemwita. Huitwa kamba, na kila mtu anaelewa, na maisha yanaendelea. Hili Sikujua alilijua kabla hajajua kufunga kanga. Kwa hiyo jioni ile ya magharibi, alipoona kitu kimejinyoosha kando ya pipa la maji, ulimi wake haukumuuliza. Kamba! Jamani, kamba hiyo! Jirani aliyesikia alikuja na fimbo. Semeni aliyesikia alikuja na mikono.

Chuma cha kitanda kinapoa chini ya paji lake. Kinapoa, kinapanuka, kinakuwa kizingiti cha mlango, na Sikujua yuko magotini ameinamia kizingiti kama mtu aliyeangusha sindano. Anainuka, anavuka, na nyuma yake mlango haupo. Mbele ipo barabara ya vumbi jekundu, pana, haina gari wala nyayo, inakwenda mpaka macho yanachoka, inapinda, na inapopinda inarudi ilikotoka ila kwa upande wa pili, kama kanga iliyovaliwa ndani nje. Hakuna jua na hakuna giza. Anatembea. Anatembea na barabara inatembea naye, na moyoni ana jambo moja tu, kwamba Semeni amepita huku mbele yake na hajui kuita mtu asaidiwe. Kando ya barabara amesimama mtu aliyevaa aproni ya buluu. Ana mikono, ana miguu, na mahali pa uso pana ngozi tupu, laini, mfano wa kisogo cha mtoto aliyenyolewa. Sikujua hashtuki, ndotoni mtu hushtuka baadaye. Namtafuta mwanangu, anamwambia, amepita hapa? Asiye na uso anajibu: Amepita aliyeitwa, aliyekusudiwa hajapita. Sikujua anasema, mie sitaki mafumbo, baba, nimechoka, niambie tu amepita au hajapita. Wewe nani? anauliza yule. Sikujua. Kila anayefika hapa husema hivyo. Hapana, ndilo jina langu. Ndilo jina lao wote, anasema asiye na uso, na anamwekea kigoda. Keti. Hapa hapiti mtu asiyesoma.

Anaketi, angefanyaje. Mbele yake kuna meza ndogo, na juu ya meza jiwe la kijivu lisilo na umbo linaloelezeka, na kadi tatu zenye mistari iliyopindapinda, si herufi za mtu yeyote. Dumi, anatamka asiye na uso. Tafuta mwenzake. Sikujua anachukua kadi ya kwanza. Kimya. Kimya hicho kinamwingia kama maji ya baridi mgongoni, na hajui amekosea nini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kupatia ni kupi. Dumi, tafuta mwenzake. Anachukua ya pili, na hapo sauti inapasuka, nzuri, nono, inatoka kusikokuwa na mdomo: Safi! Joto linamshuka toka utosini hadi vidoleni. Loo, utamu wake! Anataka tena. Dumi kwa jiwe, safi. Dumi kwa mistari, safi. Kefa kwa unyoya, safi. Anafundishwa na anafundishika, mgongo umenyooka, mikono inakwenda mbio kabla ya sauti kumalizika, na mara anajikuta ameuchukua unyoya akaulaza juu ya mistari ambayo hakuna mtu aliyemwambia ni ya unyoya, na inakuwa ndivyo, na safi inayokuja safari hii ni kubwa kuliko zote, machozi yanamlengalenga kwa furaha. Hapo ndipo anaposhtuka. Amesahau alichofuata. Ameketi kwenye kigoda kitambo kisichojulikana, mwanawe amepotea, naye anagombea kusifiwa. Na ndani ya aibu hiyo analiona jambo lenyewe lilivyo, waziwazi, asivyopata kuliona alipokuwa yeye ndiye anayeshika kadi: kwa ajili ya neno hilo moja angeokota hata kaa la moto. Angelikimbilia. Angelichukua kwa mikono miwili na kugeuka kumtafuta aliyeita, amwonyeshe. Sikujua anainama juu ya meza ile analia, na asiye na uso anasubiri kama wanavyosubiri watu wa ofisini mteja alie amalize. Umesoma, anasema. Pita.

Barabara inamwingiza katika mji. Ni mji wa nyumba zinazotazamana, kila nyumba na pacha wake ng'ambo, kila mtu na mwenzake anayefanya analofanya, huyu akiinua mkono wa kulia yule anainua wa kushoto. Kwenye duka lililoandikwa MKATE mteja anaomba mkate, anapewa kipande cha sabuni, anashukuru, na anakwenda zake akitafuna povu bila kinyongo. Mtoto anaambiwa vaa viatu na anavaa sufuria. Hakuna anayecheka, kwa sababu kila kitu hapa ni mwenzake wa kitu, na aliyekwisha kuambiwa hana haja ya kutazama. Sikujua anapita katikati akiuliza, mmemwona mtoto wa kike, mkono wake mmoja umevimba, haongei? Wanamwonyesha njia kwa vidole, wa upande huu kule na wa upande ule huku. Anafika uani pa watu. Wanawake wanaanika kanga. Wanaanika vizuri, wanakung'uta, wanatandaza, wanabana vibanio, na kilichofungwa toka mti huu hadi mti ule, kilichonyooka kwa utii na macho yake wazi, si kamba. Sikujua anasogea. Dada, anamwambia aliye karibu, mwanamke wa kimo chake, mwenye kisogo mbele na kisogo nyuma, dada, hamuoni mnaanika nguo juu ya nini? Tunaona, anasema yule, tunaanika juu ya kamba. Hiyo si kamba! Nani kasema? Wewe uliyesema ni kamba au wewe unayesema siyo? Niliposema kamba sikuwa na maana ya kamba, anasema Sikujua. Ulikuwa na maana ya nini? Nilikuwa na maana ya... na ulimi unagoma, umenata kwenye kaakaa, kwa sababu anga la hapa halina mchana wa kuruhusu kutaja. Mwanamke anachukua kanga nyingine kwenye beseni. Maana yako ulibaki nayo wewe, anasema akikung'uta, mtoto ulimpa neno tupu. Kisha anabana kibanio na kilichonyooshwa kinajikunja kidogo, kwa upole, kumpisha mkono.

Nje ya mji kuna lango, na langoni mwenye aproni, au mwingine wa aina yake, maana asiye na uso huwezi kumkumbuka. Mwanao yumo ndani, anasema, na moyo wa Sikujua unaruka. Lakini kwanza kitendawili. Sikujua anasema, tega basi, tega upesi. Nilimficha mmoja ndani ya jina la mwingine. Aliyetoka siye niliyemficha. Anafikiri. Jibu liko karibu, linamgusa meno, lakini lina ile herufi ya kwanza ambayo ulimi wake haukanyagi. Nimeshindwa, anasema. Nipe mji, anasema yule. Na hapa, ninyi mliocheza mchezo huu utotoni mkigawa miji ambayo hamjaiona, Zanzibar chukua, Nairobi chukua, mjue kwamba kule mji ukitolewa umetolewa. Anatoa Lushoto, alikozaliwa. Nimekwenda Lushoto, anasema asiye na uso kwa sauti ya wimbo, nimekula mapeasi, nimeota moto, nimefunga milango yote nimeondoka na mji. Sikujua anajaribu kuikumbuka nyumba ya wazazi wake na pale ilipokuwa kuna ukungu mweupe tu, na harufu ya kuni ambayo hajui ni ya nani. Cha pili, anasema yule. Wawili hawajaonana hata siku moja, ila wote wawili wanamjua wa tatu. Asubuhi moja wanakumbatiana. Safari hii Sikujua hafikiri. Picha na maandishi! anapaza sauti, na sauti iliyowakutanisha ni yangu. Safi, anasema mlinzi, na safi hiyo haina joto tena. Ni yako. Basi ingia ukaone na wengine uliowakutanisha.

Ndani ni chumba kitupu chenye mkeka, na juu ya mkeka ameketi Semeni. Mzima, mikono yote miwili imenyooka, nywele zimesukwa zile zile alizomsuka Jumapili. Mwanangu! Anataka kukimbia, na magoti hayasogei. Mtoto hageuki. Asiye na uso ameketi mbele yake na kadi, anaweka moja katikati, na ni picha ya kile kilichokuwa kando ya pipa. Tafuta mwenzake. Mbele ya Semeni zimepangwa kadi ya kamba, kadi ya mkono uliovimba, na picha anayoijua Sikujua papo hapo, kwa sababu aliipiga mwenyewe studio akiwa amevaa gauni la kuazima, apate kadi ya kumfundishia neno mama. Kidole cha mtoto kinapita juu ya kamba. Kinapita juu ya mkono. Kinatua juu ya uso wa mama yake, na mwili mzima wa Semeni unarudi nyuma, unajikunyata kwenye ukuta, anabana meno. Hapana, anasema Sikujua, hapana, hapana, hilo sikumfundisha! Hakuna aliyemfundisha, anasema asiye na uso. Sauti yako ilileta kamba, kamba ilileta maumivu. Yaliyobaki yamejuana yenyewe. Akiamka sasa hivi, akisikia sauti yako, atakimbia mpaka pale ukuta utakapomzuia. Sikujua anasema, toa kadi hiyo moja. Toa ya kamba, hana haja nayo, tutakata bembea. Asiye na uso anatikisa kile kisogo chake. Haitoki moja. Zimeshikana mikono, ukivuta ya kamba anakuja nyoka, ukimvuta nyoka anakuja mama. Hapa neno hilo linatamkika, nyoka, na linapotamkwa Semeni anafunga masikio.

Cha tatu, anasema asiye na uso, na ndicho cha mwisho. Anapendwa na kuogopwa kwa jina moja. Nani? Sikujua anamtazama mwanawe pale ukutani. Jibu analo. Hajawahi kuwa na jibu lililo tayari kinywani kama hili. Akilitamka amepatia, na lililopatiwa limefungwa, litasifiwa, litakaa ndani ya mtoto maisha yake yote: mama na nyoka, nyoka na mama, safi. Anavuta pumzi. Nimeshindwa, anasema. Hujashindwa wewe, anasema asiye na uso. Nimeshindwa, Sikujua anarudia, omba mji wako. Nipe mji. Nakupa Korogwe, nilikoolewa. Huo umekwisha kuhamwa, nipe unaokaliwa. Sikujua anapekua maisha yake, na si maisha makubwa, hayana miji mingi. Chini kabisa, panapowaka taa, anaukuta mmoja. Anauma mdomo. Anaona uchungu wa kweli, ule wa tumboni, wa siku ya kujifungua, ila huu unakwenda kinyume. Nakupa Mama, anasema. Na asiye na uso anainuka, anaweka mikono nyuma, anaimba: Nimekwenda Mama, nimekuta mji wa nyumba moja na jiko moja, moshi bado unafuka. Mkazi wake ni mmoja tu. Nimemtoa nje, nimefunga mlango, nimeondoka nao. Ukutani Semeni anashusha mabega. Meno yanaachana. Anageuza uso, anamtazama Sikujua sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na machoni mwake hamna hofu hata chembe, wala hamna kitu kingine.

Mama Semeni! Mama Semeni! Mtu anaita kutoka kitanda cha jirani. Sikujua anainua kichwa kutoka kwenye chuma, paji la uso limechorwa mstari, na anageuka kutazama nyuma aone anaitwa nani. Nyuma yake kuna ukuta na ndoo. Feni inazunguka. Nesi amesimama upande wa pili wa kitanda, mgeni wa zamu hii, barakoa imemfunika kuanzia chini ya macho, na Sikujua anayatazama macho hayo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, maana macho mawili si uso mzima na yeye leo hana imani na nusu. Kafumbua macho huyo, anasema nesi, tazama! Ni kweli. Semeni yuko macho. Anatazama feni, anatazama dirisha, anatazama chupa ya dripu inavyodondosha. Sikujua anataka kumwita na anaogopa sauti yake mwenyewe. Anaita, polepole, Semeni. Mtoto anageuka. Hakimbii, hajikunyati, hautoi mkono wake mkononi mwa mtu anayemwita. Anauacha pale pale, kama mtu anavyouacha mkono wake kwa fundi anayempima nguo. Semeni, anasema nesi kwa uchangamfu wa kazini, mama yuko wapi? Nionyeshe mama. Macho ya mtoto yanazunguka wodi nzima, yanaanza kitanda cha jirani, yanapita mlango, yanapita nesi, yanamfikia Sikujua, yanakaa kidogo, na yanaendelea mbele mpaka kwenye dirisha. Usijali, anasema nesi, sumu hiyo, kichwa bado kizito, akili zitamrudia zote. Sikujua anaitikia kwa kichwa. Inawezekana ni sumu. Inawezekana pia kuwa nje ya dirisha lile ipo barabara ya vumbi jekundu, na kwamba hajavuka kurudi, ameingizwa tu katika mji mwingine ulio sawasawa na ule alioutoka. Hathubutu kwenda dirishani.

Midomo ya mtoto imekauka, imepasuka pembeni. Hilo linaonekana upande wowote ule Sikujua atakaokuwapo. Anamimina maji kwenye kikombe cha plastiki, anaingiza mkono chini ya shingo yake, anamwinua, na Semeni anakunywa kwa pupa, anakunywa mpaka kikombe kinakuwa chepesi, kisha analaza kichwa kwenye mkono huo kwa sababu mkono upo na kichwa kimechoka. Nesi ametoa kalamu nyuma ya sikio. Samahani, anasema, nimeingia sasa hivi, wenzangu hawakuniambia. Wewe ndiye mama yake? Sikujua anafungua mdomo. Analitafuta neno hilo mahali lilipokuwa likikaa siku zote, chini kabisa, panapowaka taa, na anahisi mlango uliofungwa kwa nje. Anamtazama mtoto aliyelala mkononi mwake bila woga.

Hapana, anasema. Mimi nimekaa naye tu.